Kigoma ibaki Mwisho wa Reli

Tangu ijulikane kwamba reli ya kisasa itafika Kigoma, yamezuka mazungumzo yanayonigusa kuliko habari za nauli. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa mwishoni mwa mwaka 2022, na kipande kingine kitachepuka pale Uvinza kwenda Musongati, Burundi. Basi baadhi ya vijana wetu, na hata watu wazima wenye heshima zao, wanasema jina la Mwisho wa Reli limepitwa na wakati kwa kuwa reli itavuka mpaka. Wengine wanaongeza kwamba hata kama ingeishia kwetu, neno "mwisho" linatufukarisha, na mwekezaji akilisikia atadhani anaitwa porini. Nimekwisha kusikia majina mapya yakipendekezwa vijiweni na kwenye vikao vya harusi, mengi ya Kiingereza, yenye malango na lulu ndani yake.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanga, Kigoma, nyumba ya mtu wa reli. Baba alikuwa kwenye genge la kukarabati njia, wale waliokuwa wakishinda juani na nyundo na koleo, wakibadilisha mataruma na kukaza skrubu ili treni ya abiria ipite salama. Kwa miaka mingi sasa naishi Morogoro, nilikoolewa na nilikofundisha jiografia na historia hadi nilipostaafu. Kwa hiyo nimeishi kwenye miji miwili ambayo nchi nzima inaijua kwa majina yake ya utani, Mwisho wa Reli na Mji Kasoro Bahari, na nasema bila kupepesa macho kwamba Kigoma isiliache jina lake. Nina sababu, na sababu zangu zinaanzia mbali kidogo.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka pwani. Kabla ya hapo pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda Bagamoyo zilisafiri mabegani mwa watu kwa miezi, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa ndio usafiri wa nchi hii. Wanyamwezi haohao wakaja kuchimba na kuponda mawe ya tuta la reli iliyowaondolea kazi ya upagazi. Walifanya kazi kwa maelfu, chini ya wanyapara, katika mabonde yenye malaria na maji machafu. Walipofika ziwani, nchi kavu ilikuwa imekwisha. Mbele yao kulikuwa na Tanganyika, na ng'ambo ya maji Kongo.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kuita Kigoma mwisho wa reli hakuwa anaidharau. Alikuwa anasema kweli tupu: hapa ndipo tulipofika. Kilichofuata kinaonyesha uzito wa mahali penyewe. Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, meli kubwa iliundwa, ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Makasha yakapakiwa kwenye mabehewa mpaka Kigoma, meli ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokimbia, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tuliokua Kigoma tulijua mlio wake kabla ya kujua kusoma. Bila reli kuishia pale, chuma kile kisingefika ziwani.

Lakini treni ile haikuleta meli tu. Ilichukua watu pia, na hii ndiyo sehemu ya historia ambayo wanaotaka kubadilisha jina hawaisemi, nadhani kwa sababu hawakuambiwa.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatapakaa mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa na Morogoro, hata ikafika mwaka 1964 Tanganyika ikizalisha kama tani 230,000 na kuongoza duniani. Nani alikata mkonge ule? Wenyeji wa maeneo ya mashamba walikuwa na mashamba yao, hawakuutaka ujira ule. Serikali ya kikoloni ikaitazama mikoa ya mbali, Kigoma ikiwa mojawapo, kama ghala la kuchukulia vibarua. Kwetu hakukuletwa zao la biashara la maana kama kahawa ya Kilimanjaro au pamba ya Usukumani, ila kodi ya kichwa ilidaiwa kama kwingine. Mwanamume afanye nini? Akapande treni. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri vibarua, SILABU, na maajenti wake wakawa wanapita vijijini kuandikisha watu.

Walioandikishwa walipewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Waha, pamoja na ndugu zao kutoka Burundi, walipandishwa mabehewa Kigoma wakiwa na mablanketi ya kampuni, wakapita Kazuramimba, Uvinza, Nguruka, Kaliua, Urambo, Tabora, mpaka huko walikoshushwa na kupangwa kwenye kambi. Wapo waliorudi na baiskeli na kitambaa cha mke. Wapo ambao hawakurudi kabisa. Nilipokuwa mwalimu hapa Morogoro, kila mwaka nilikuwa napata darasani watoto wenye majina ya kwetu, na ukiwauliza asili yao walisema Kimamba au Kilosa. Babu zao walikuja kwa mkataba wa mkonge wakabaki. Wengine hawajapata kuiona Kigoma, wanaijua kwa jina moja tu ambalo babu alikuwa akilitaja akiulizwa ametoka wapi: mwisho wa reli.

Kwa watu hawa jina halikuwa la kijiografia peke yake. Lilikuwa anwani. Mtu asiyejua kusoma ramani alijua kwamba akipata nauli na kukaa ndani ya treni bila kushuka, treni yenyewe itamfikisha kwao. Unapofuta jina hilo, unafuta anwani ya maelfu ya wazee waliokufa ugenini wakiitaja.

Najua dhihaka iliyomo. Nilipotoka Kigoma kwenda chuo cha ualimu, wenzangu walikuwa wananiuliza ilikuwaje nikapitiliza kidogo tu nikaangukia Kongo. Mkuu mmoja wa ofisi, ambaye sitaki kumtaja wala ofisi yake, aliwahi kuniambia nilete barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya mzee wa ukoo na cheti cha kuzaliwa cha baba yangu, wakati mwenzangu wa Moshi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa ameonyesha kitambulisho akaondoka. Watu wa Kigoma wanaijua habari hii, haihitaji kusimuliwa kirefu. Kuna Watanzania ambao uraia wao unaaminiwa wakifungua mdomo, na kuna ambao lazima wauthibitishe kila wanapovuka mto Malagarasi. Ninayemlaumu ni anayedharau, jina silishtaki. Tukijiita Lango la Maziwa Makuu kesho asubuhi, atakayetudharau atatudharau kwa jina jipya.

Na dharau inaweza kugeuzwa na wenye nayo. Huko Marekani, jimbo la Missouri linaitwa jimbo la Nionyeshe, na maneno hayo yameandikwa kwenye namba za magari. Masimulizi ya chimbuko lake yako mawili. Moja linasema mbunge Willard Vandiver aliyatumia katika hotuba mwaka 1899, akimaanisha kwamba watu wa kwao hawadanganyiki kwa ufasaha, wanataka ushahidi. La pili linasema wachimba madini kutoka Missouri walikwenda Leadville, Colorado, wakawa hawajui kazi ya huko, na wasimamizi wakawacheka kwamba hawa lazima waonyeshwe kila kitu. Kama la pili ndilo la kweli, basi wajukuu wa waliochekwa wameliandika tusi lile kwenye magari yao. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walipokusanyika kuimba Leka Dutigite, niliona kitu cha namna hiyo kikianza kwetu. Vijana wale walisimama na Mwisho wa Reli yao bila kuinamisha uso.

Ukifuata njia ileile ya reli kurudi mashariki utakuta majina mengine, na karibu kila moja lina watu waliolifanyia kazi. Tabora inaitwa Mboka Manyema. Mboka ni Kilingala, mji au kijiji. Manyema ni watu wa mashariki ya Kongo, ambao walifika Tabora, Ujiji na hata Dar es Salaam katika karne ya kumi na tisa kwa misafara ya pembe na utumwa. Wengi hawakuja kwa hiari yao. Halafu wakakaa, wakajenga, wakaoa na kuolewa, na leo mji mkuu wa Unyanyembe unabeba jina la wageni wale kwa lugha ya ng'ambo ya ziwa. Nani angelibuni jina hilo ofisini? Kamati ingeogopa kwamba Wanyamwezi watakasirika. Lakini Wanyamwezi ni watu wa misafara, wana utani na Wazaramo tangu enzi za upagazi, na wanajua kwamba mji wa njia panda ni wa wote waliolala pale.

Morogoro wanapaita Mji Kasoro Bahari. Wanaolieleza husema kwamba mji una kila kitu, milima ya Uluguru mgongoni, mito, matunda, mboga za Mgeta, ndizi za Matombo, muziki wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kimekosekana kimoja tu. Nilipohamia nililiona jina zuri lenye wivu kidogo kwa Dar es Salaam. Baada ya kufundisha jiografia ya mkoa huu kwa muda nikaanza kuliona kwa jicho lingine. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na Dar es Salaam inakunywa Ruvu. Mji wenye bahari unaishi kwa maji ya mkoa usio na bahari. Mvua ikipungua mlimani, au miti ya vyanzo ikikatwa kupisha mashamba ya mteremkoni, mabomba ya Dar yanakauka, tumeshaona. Ningependa kila mtoto wa Morogoro anayelitamka jina hilo kwa majivuno ajue deni hili linakwenda upande gani.

Na Bongo? Hapa ndipo naona hatari iliyo wazi kuliko zote.

Jina la Dar es Salaam lilitoka kwa Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kujenga mji pale Mzizima miaka ya 1860. Jina la Bongo lilitoka kwa wakazi, na wazee wa mjini watakuambia lilitokana na shida. Mwaka 1974 nchi ilikosa chakula, tukala unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, tukauita unga wa Yanga kwa rangi yake. Baadaye ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na ilipokwisha hazina ilikuwa imekauka fedha za kigeni. Sukari, sabuni, dawa ya meno, vitenge, vyote vilikuwa kwa foleni kwenye maduka ya kaya. Mwaka 1983 ikapita sheria ya nguvu kazi, na katika operesheni zake mtu aliyekutwa Dar es Salaam bila kazi inayotambuliwa aliweza kukamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Mshahara wa karani ulikuwa unaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Kuishi katika mji ule kulitaka akili inayofanya kazi mchana na usiku: huyu anafuga kuku bafuni, yule anauza maandazi ofisini, mwingine anajua lori la sabuni litashusha wapi. Mtu mwenye nguvu za mikono peke yake hakuweza. Ilitakiwa bongo, na mji ukaitwa hivyo.

Kisha jina likapanuka. Watanzania walio nje wakaanza kusema wanarudi Bongo wakimaanisha nchi nzima, muziki wa miaka ya 1990 ukaitwa Bongo Flava, filamu zikaitwa Bongo Movie. Leo jina linasikika Nairobi, Lubumbashi, Muscat na London. Mimi nalifurahia hilo. Lakini nimeuliza darasa zima la wanafunzi wa kidato cha tatu, watoto wanaoimba nyimbo hizo neno kwa neno, jina limetoka wapi, na jibu nililolipata ni kwamba ni kifupi tu, ni "swaga". Hakuna aliyetaja foleni. Hakuna aliyetaja operesheni. Bibi zao walisimama foleni hizo na ndoo za plastiki kuanzia alfajiri, na jina walilolizaa kwa tabu limewafikia wajukuu kama mapambo.

Jina likitenganishwa na chimbuko lake namna hiyo, si ajabu mtu akaliona jepesi kubadilishwa. Kigoma tunaelekea hukohuko. Kijana anayesema Mwisho wa Reli ni jina la aibu hajawahi kuambiwa habari za manamba wala Liemba, na sisi wakubwa ndio tuliopaswa kumwambia.

Kenya wana mfano ninaoupenda. Eldoret inaitwa Sisibo, au Sixty-Four kwa wale wanaotamka Kiingereza kamili. Walowezi wa Kikaburu walipofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, ardhi ilikatwa mashamba yakapewa namba, na posta ikawekwa kwenye shamba namba 64. Wapo wanaosema sitini na nne ni maili kutoka mahali reli ilipokuwa. Jina Eldoret likaja rasmi mwaka 1912. Wakalenjin waliokuwa wenyeji wa uwanda huo walilisikia "sixty-four" la mzungu, wakalitamka kwa ndimi zao, likawa Sisibo, na limedumu zaidi ya miaka mia. Shamba halipo, walowezi wale wengi waliondoka. Hakuna aliyedai kwamba jina lifutwe kwa kuwa halielezi tena hali ya mji. Namba ile inakumbusha jinsi ardhi ilivyogawiwa bila wenyewe kuulizwa, na mtu wa Eldoret anaitamka kwa raha kwa sababu mji sasa ni wake.

Majina tunayopewa na wageni ni habari nyingine. Agosti 2000, Rais Bill Clinton wa Marekani alikuja Arusha siku ya kutia saini mkataba wa amani ya Burundi, mazungumzo ambayo Mwalimu Nyerere aliyaongoza hadi kifo chake mwaka 1999 na Mzee Mandela akayamalizia. Clinton akaifananisha Arusha na Geneva, na tangu siku hiyo jina la Geneva ya Afrika halijatoka kwenye hotuba za mkoa. Arusha ilistahili heshima. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa pale hadi mwisho wa 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki iko pale, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale. Lakini Geneva yenyewe haikuketisha mazungumzo ya Burundi. Arusha ndiyo iliyoyaketisha, na hata kabla ya hapo, mwaka 1967, jina la Arusha lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia kwa sababu ya Azimio. Mji ulioipa Afrika neno lake wenyewe hauhitaji kuazima jina la mji wa Uswisi. Uganda nao wana Lulu ya Afrika ya Churchill, aliyepita huko mwaka 1907 na kuandika kitabu mwaka uliofuata. Wameitunza vizuri, imewaletea watalii, siwezi kuwasemea. Ila ni sifa ya msafiri kwa nchi aliyoipenda kwa macho. Hakuwahi kulima huko.

Wanaotunga ofisini nao wajihadhari. Nigeria kila jimbo lina kaulimbiu yake kwenye namba za magari, na Plateau linajiita nyumba ya amani na utalii. Mji wake mkuu, Jos, umepitia machafuko ya damu mara kadhaa tangu Septemba 2001. Wananchi waliozika ndugu zao huko wanaendesha magari yenye maneno hayo. Jina lililotungwa kwa matumaini linageuka kidonda pale matumaini yanaposhindwa, na hakuna mtu wa kulibeba kwa sababu halikutoka kwa mtu.

Kwetu sasa kuna wimbi la kuita kila mji kwa Kiingereza. Mwanza ni Rock City, Mbeya ni Green City. Mawe ya Mwanza ni fahari kweli, jiwe la Bismarck ziwani linajulikana hata kwa asiyefika, na kijani cha Mbeya hakibishaniwi. Kinachonisikitisha ni kwamba Wasukuma wanaoishi juu ya mawe yale, wanaojenga nyumba kwenye nyufa zake pale Bugando na Igogo, wanapachikwa jina ambalo bibi yao hawezi kulitamka. Jiji la Miamba lipo, ni zuri, na linatosha kwenye fulana.

Pemba nayo inanikera kwa namna yake, kwa niaba ya Wapemba. Dunia nzima inaijua Zanzibar kama visiwa vya karafuu, na mgeni akishuka Unguja anapelekwa kwenye ziara ya viungo nje kidogo ya mji. Lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu baada ya hapo sehemu kubwa ya karafuu zinatoka Pemba, kisiwa ambacho Waarabu walikiita cha kijani. Mpemba ndiye anayepanda juu ya mti msimu wa vuno, ndiye anayeanika kwenye majamvi barabarani, na harufu ya jina hilo inauzwa kisiwa kingine. Chimbuko likijulikana sawasawa, hata faida inaweza kudaiwa sawasawa.

Ninachoomba si kikubwa. Sasa hivi shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa Kigoma ampe mwanafunzi kazi ya kwenda kwa mzee wa Ujiji, Mwanga au Katubuka, amuulize kuhusu treni ya manamba, gati, meli na majina. Wa Tabora aulize Mboka Manyema. Wa Dar es Salaam amuulize bibi yake alikaa foleni ya nini na saa ngapi. Masimulizi yakigongana, yaandikwe yote mawili kama walivyofanya watu wa Missouri na Eldoret. Kazi hii ifanywe sasa. Waliopanda treni ya mkonge wakiwa vijana wamebaki wachache mno, na baba yangu ambaye angeweza kusimulia njia nzima kwa majina ya magenge yake tulishamzika.

Kwa Shirika la Reli nina ombi pia. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika hapa Morogoro kutoka Dar es Salaam kabla mtoto hajamaliza usingizi wake, na abiria wanashuka kwenye stesheni safi, yenye matangazo mazuri. Kila stesheni iwekwe ubao mmoja wa maandishi ya kusomeka: jina la mji, jina lake la utani, limetoka wapi, na reli ya kwanza ilifika mwaka gani kwa mikono ya nani. Stesheni ya zamani ya Kigoma, ile ya Wajerumani inayotazama ziwa, iandikwe Mwisho wa Reli, 1914, na chini yake watajwe wajenzi Wanyamwezi na manamba wa Kiha.

Ama reli itakayokwenda Musongati, hiyo haitugombanishi na mtu. Njia itagawanyika Uvinza, mahali ambapo watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa karne nyingi kabla ya Mjerumani yeyote kupima tuta. Stesheni hiyo itakuwa na wachuuzi, wapigadebe na mama lishe wake, wataiita watakavyoiita, na halmashauri isubiri mpaka wao waseme.